Mzee Aliyekataa Kubeba Watoto

Usiku ule mimi na mama mkwe wangu hatukulala. Mume wangu, Nyaga, alikuwa ametoka nyumbani kwetu Kibugu alfajiri kwenda upande wa Meru, juu ya Chogoria, kumtafuta mzee asiyemjua, na alikuwa ameahidi kurudi kabla ya giza. Ilipofika saa nne na hajarudi niliongeza kuni, nikaangalia kama mlango umefungwa, nikaenda kusikiliza mtoto anavyopumua, nikarudi, nikaangalia mlango tena. Mama mkwe, Kaari, alikuwa kwenye kigoda chake akichambua maharagwe ambayo alikuwa amekwisha kuyachambua.

"Mukami," akaniambia, "kaa chini. Unanichosha macho."

Nilikaa. Lakini nilimwona na yeye akigeuka kila mbwa alipobweka.

Alikuwa na haki zaidi ya kugeuka kuliko mimi. Mume wake, Njoka, aliingia msituni na wapiganaji wa Mau Mau mwaka wa 1953, naye Kaari akiwa na mimba changa. Mwaka uliofuata zilifika habari kwamba kumekuwa na vita ndani ya msitu upande wa Meru, na kwamba Njoka ni mmoja wa walioanguka. Basi. Hakuna aliyejua ni wapi hasa, hakuna aliyeleta hata mkanda wake. Nyaga alizaliwa, akakua, akaoa, akapata mvi, na mama yake hajui mumewe alilala wapi. Halafu Jumatano ile muuza vitunguu kutoka Meru akauliza sokoni kwetu kama Kibugu kuna nyumba ya mtu aliyeitwa Njoka, aliyefia msituni. Alisema ametumwa na mzee Bundi, mpasua mbao, ambaye amezeeka na ana neno la kusema.

Nyaga aliingia saa kumi na moja alfajiri. Lori la mbao lililompa lifti lilikuwa limekwama matopeni, na gamubuti zake zilikuwa nzito kama mawe. Hakunitazama mimi. Alivua kofia mbele ya mama yake.

"Mama, yupo. Na anajua."

Kaari alimsogezea kigoda chake. Kisha akamuuliza, "Umekula?"

Alipokuwa akila ndipo alipotueleza mengine. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa kwa ajili ya Mau Mau, mzee Bundi alikuwa homgadi, yaani mmoja wa wale vijana ambao serikali ya mkoloni iliwapa mikuki na bunduki wawasake wenzao msituni. Alikuwa tayari kutuonyesha mahali. Lakini alikuwa na sharti moja: twende na Njoka.

Nilishtuka, na ni lazima nieleze kwa nini. Nilizaa wasichana wanne, na nikiwa na miaka arobaini na miwili, watu wakiwa wameacha hata kuuliza, nikapata mvulana. Kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya baba yake, na si jina tu, kwa sababu watu wa nyumbani humwita na kumheshimu kama huyo mzee mwenyewe. Mimi sijawahi kumwita mwanangu Njoka, maana nitamtajaje baba mkwe wangu kwa jina? Namwita Baba. Kaari humwita mume wangu, na hugombana naye kwa nini hamletei sukari. Huyo ndiye Njoka aliyetakiwa. Alikuwa na miaka minne.

Nilimuuliza Nyaga huyo homgadi anataka nini na mtoto mdogo.

"Ana jambo la kumwomba."

"Jambo gani?"

"Hakusema. Alisema ni Njoka peke yake anayeweza kumjibu."

Nikasema mtoto haendi. Nilitaja baridi ya Agosti na kifua chake, nikataja ndovu, nikataja barabara. Sikutaja lile la homgadi, lakini ndilo lililokuwa tumboni mwangu. Kaari aliniacha nimalize. Kisha akasema mume wake ataenda, na kwamba mimi nimfunge mgongoni, na nikitaka nimfunge kwa kamba ya ng'ombe, lakini ataenda.

Jumamosi tulikodi pikapu ya jirani. Ungetuona ungedhani tunaenda harusini. Nilipika chapati, nikachemsha mayai na ndizi, nikatia githeri ya mahindi na maharagwe kwenye ndoo ndogo na chai kwenye chupa mbili. Kaari alivaa sare yake ya kina mama wa kanisa na kitambaa kipya kichwani. Mtoto nilimvika sweta mbili na kofia ya kufunika masikio. Alikuwa ameambiwa tunakwenda msituni na furaha yake ilikuwa ndovu tu.

"Cucu, tunaenda wapi?" akamuuliza nyanya yake njiani, pengine kwa mara ya kumi.

"Kwako. Tunaenda kuona mahali ulipolala usirudi nyumbani."

"Mimi nililala nyumbani."

"Wanaume wote husema hivyo," Kaari akasema, na dereva akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Mzee Bundi alikuwa akitusubiri kando ya barabara ambapo mashamba ya chai yanakwisha. Alikuwa mrefu, mkavu, kwenye koti lililokuwa zuri zamani, na kidole chake kimoja cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatwa na msumeno. Alimsalimia Nyaga, akanisalimia mimi, na mkono wa Kaari akaushika kwa muda mrefu. Yeye alisema Kimeru chake, sisi Kiembu chetu, na tulipokwama tukaazima Kiswahili. Kisha mtoto akanyoosha mkono wake mdogo kama nilivyomfundisha. Mzee akarudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Salamu, Njoka," akasema, akainamisha kichwa.

Mtoto alibaki na mkono wake hewani. Mimi ni mtu wa kutazama mikono ya watu, nimekuwa hivyo tangu nilipoanza kuzaa, na jambo hilo halikunipendeza. Nilimvuta mwanangu karibu.

Tulifuata njia ya miguu kuingia msituni, mzee mbele na fimbo yake. Mtoto alikataa kubebwa, akataka kutembea kama wanaume. Tukafika kwenye kijito chenye gogo la kuvukia, lenye ukungu na utelezi. Nyaga alitangulia akimshika mama yake. Mzee Bundi alikuwa amevuka nusu, mtoto nyuma yake, mimi nyuma ya mtoto na ndoo ya githeri mkononi. Mguu wa mtoto ukateleza. Mzee aligeuka, akamwona, na alikuwa karibu kiasi cha kumshika sikio. Hakumshika. Alimnyooshea fimbo. Mtoto aliikamata kwa mikono miwili, na mimi nikaitupa ndoo ng'ambo na kumdaka kiunoni.

Tulipofika upande wa pili nilimgeukia mzee. Sijalelewa kumjibu mzee, lakini siku hiyo nilisahau malezi.

"Baba," nikamwambia, "una mikono."

"Ninayo, mama," akajibu. "Ndiyo shida yangu."

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikakaza fundo mara mbili. Alilia kidogo akanyamaza.

Mahali pa vita ni uwazi mdogo tu, chini kidogo ya mahali mianzi inapoanza. Chama cha wapiganaji wa zamani kimesimamisha hapo bango la bati lenye mwaka na maneno machache, na rangi yake inabambuka. Mashimo waliyojifichia bado yapo, yamejaa majani ya msituni, na kulikuwa na karatasi za mandazi za watoto wa shule waliokuja siku chache kabla yetu. Nilikuwa nimetarajia kuogopa. Kulikuwa na ndege wanapiga kelele na jua kidogo limepenya kwenye ukungu, na Kaari akatafuta mahali pa kukaa kama mtu aliyefika kwa dada yake.

Mzee Bundi alitueleza akiwa amesimama. Ilikuwa asubuhi ya ukungu kama huo. Askari walipanda kutoka chini, homgadi wakawekwa juu ili wazibe njia. Haikuchukua muda mrefu kuliko chai kuchemka, alisema, na baadaye msitu ukanyamaza kabisa, hata nyuki.

"Ulikuwa na bunduki?" Kaari akamuuliza.

"Mkuki."

"Uliua mtu?"

"Sikuua. Lakini nilikuwa upande wa waliopiga. Siwezi kujitoa hapo."

Kaari aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji na kuiona ni sawa. Mzee akatuambia tumfuate. Tulipita bango, tukapanda kidogo, na chini ya mti mkubwa nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona msituni: safu ya yale maua meupe yenye mistari myekundu ambayo sisi hupanda kwenye mpaka wa shamba. Yalikuwa yamepandwa kuzunguka rundo la mawe lenye urefu wa mtu aliyelala. Hapakuwa na hata jani moja la magugu ndani yake.

Kila mtu wa milima yetu anajua kwamba ua la mpaka haling'olewi. Anayeling'oa anajiletea laana, na hata mlevi hulikwepa. Mzee Bundi alikuwa amelipanda hapo mwaka ule ule wa vita ili asitokee mtu wa kugusa mawe yale, na wapita njia walidhani ni mpaka wa zamani wa ukoo fulani. Kwa kuwa alikuwa mpasua mbao, hakuna aliyemuuliza anatafuta nini msituni. Kila mwaka, kabla ya mvua, alikuja kupalilia. Miaka hamsini na miwili.

Nyaga alipiga magoti. Kaari hakupiga magoti. Aliuweka mkono wake juu ya jiwe moja, akauacha hapo.

Ndipo mzee akasimulia, na nitaeleza kwa ufupi kwa sababu yeye mwenyewe hakurefusha. Baada ya mapigano alimkuta Njoka ameegemea mti karibu na kile kijito tulichovuka, bado ana uhai. Alimpa maji kwa kofia yake. Njoka alimwambia jina lake, akamwambia Kibugu, akamwambia ana mke mwenye mimba. Kabla ya adhuhuri akafa. Homgadi walikuwa wameamriwa wawaache wafu hapo hapo. Bundi alirudi kambini na wenzake, lakini alfajiri akatoroka, akambeba yule mtu mabegani kutoka kijitoni mpaka hapo juu ambapo udongo ni laini, akachimba kwa mkuki na kwa kucha.

Wakati ule watu wa milima hii hawakugusa maiti ovyo. Aliyemzika mtu alikuwa chini ya mwiko, kwetu twaita mugiro, mpaka mzee wa kimila amtakase kwa kondoo, na kabla ya kutakaswa alipaswa kutaja amemzika nani. Bundi hakuweza kumtaja. Angemtaja, mkubwa wa kambi angemuua. Akanawa kwenye kijito, akaenda nyumbani. Alikuwa na miaka ishirini, na mkewe alikuwa amejifungua msichana, ana wiki tatu. Akambeba. Siku ya nne mtoto akafa.

Kaari akamwambia watoto wengi walikufa katika vile vijiji vya Emajensi ambamo mkoloni aliwafungia watu, kwa baridi na njaa, na kwamba yeye mwenyewe alizika watoto wawili wa dada zake.

"Najua, mama," mzee akasema. "Najua hilo sana."

Lakini hakubeba mtoto tena. Alipata wengine saba, akapata wajukuu, na hakumshika hata mmoja mpaka awe mkubwa wa kujitafutia kuni. Aliwachongea vigari vya mbao na vijiko na ng'ombe wadogo, akawawekea chini, akarudi nyuma. Watu walimwita mkali. Wengine walisema ana majivuno. Mkewe tu ndiye aliyejua, na alikwenda kaburini na siri hiyo. Hata baada ya Uhuru aliona haya kufika Kibugu na kusema alikuwa homgadi. Mwaka wa sabini na moja alibatizwa, akamweleza mchungaji nusu ya jambo.

"Aliniambia damu ya Yesu imeniosha," akasema. "Niliamini moyoni. Mikono ndiyo haikuamini."

Na kwa nini sasa? Akatueleza kwamba mjukuu wake, Karwirwa, aliyemlea mwenyewe baada ya wazazi wake kufa, alikuwa amejifungua mvulana siku nane zilizopita. Hakuwa na mume. Alimpa mtoto jina Bundi, kwa hiyo mtoto yule alikuwa ni yeye mwenyewe, na ndiye aliyepaswa kumbeba na kumbariki kabla ya mwingine yeyote. Karwirwa alimsubiri siku tatu. Mzee alisimama nje, akauliza kama wamekula, akaondoka. Siku ya nne msichana alimwambia kwamba sasa ameelewa: babu yake anamchukia mtoto kwa sababu hana baba. Akafunga mlango. Tangu siku hiyo mwanamke jirani ndiye pekee aliyekuwa akipokelewa ndani, na Karwirwa alikuwa amemwambia kwamba mtoto akipata nguvu atakwenda naye Meru mjini asirudi.

Basi mzee Bundi akapiga magoti. Nilidhani anapiga mbele ya Nyaga, kumbe ni mbele yangu, kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni mwangu akichungulia juu ya bega.

"Njoka," akasema, "nilikugusa bila ruhusa ya watu wako, nikakuzika bila kusema. Naomba unifungue."

Mtoto alimtazama. Akamtazama nyanya yake. Kisha akaficha uso kwenye shingo yangu.

Nyaga ni mzee wa kanisa, akasema tuombe. Aliomba vizuri, akamshukuru Mungu kwa mtu aliyemzika baba yake wakati wana wa nchi walipokuwa wakitupwa kama magogo. Sote tukasema amina, na mzee akasema amina. Nilifumbua macho kabla ya wengine, kama kawaida yangu. Mikono ya mzee Bundi ilikuwa bado nyuma ya mgongo.

Kaari naye alikuwa ameiona. Aliondoa mkono wake kwenye jiwe, akaja akasimama karibu nasi.

"Ulimbeba akiwa maiti," akamwambia mzee. "Sasa mbebe akiwa hai."

Wote wakanigeukia mimi.

Nitasema yaliyonipitia, ingawa hayanipi sifa. Nimesoma hadi darasa la saba, naijua Biblia yangu, na ningekuwa kwenye kikao cha kina mama ningesema wazi kwamba mambo ya mugiro ni ya giza na yamepita. Lakini nilikuwa nimesimama pale na fundo la leso kifuani, na nilichokiona ni mtoto wa wiki tatu na siku ya nne. Nilihesabu miaka niliyosubiri. Nikakumbuka wodi niliyomzalia, na wasichana wangu wakichungulia dirishani. Nikamwangalia Nyaga aniokoe, na Nyaga akatazama chini, maana jambo hilo lilikuwa langu.

Kisha nikaangalia yale mawe. Yalikuwa yamepangwa na mtu asiye na haraka, makubwa chini, madogo juu, na udongo kuzunguka maua ulikuwa umetifuliwa juzi au jana. Tulikuwa tumemwombea kanisani miaka yote huyu baba aliyepotea, na huku mtu mwingine alikuwa akimpalilia. Hakupata asante, na alilipa kwa kuwaacha watoto wake mwenyewe chini. Hata ningekuwa mwoga kiasi gani, sikuona jinsi ya kula chapati zangu mahali pale nikiwa nimeikaza leso.

Nikafungua fundo la kwanza. La pili lilikataa, nikalifungua kwa meno.

"Baba," nikamwambia mwanangu, "nenda kwa guka, kwa babu yule."

Alikwenda. Watoto hawajui walivyo wepesi. Mikono ya mzee ilitoka mbele polepole, ikasimama hewani pande mbili za mtoto kama ya mtu anayetaka kuinua sufuria iliyo moto. Halafu akamshika kwapani, akamwinua, na kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa amebeba mbao tu, akamlaza begani kama ubao.

Mtoto akabaki hivyo, miguu mbele na kichwa nyuma.

"Guka," akasema akiwa huko nyuma, "si hivi. Weka mkono huku chini. Na huu mwingine hapa."

Alimfundisha. Mzee wa miaka sabini na miwili akamsikiliza mtoto wa miaka minne, akabadilisha mkono mmoja, akabadilisha mwingine, mpaka mtoto akakaa sawa kifuani na kusema sasa ndiyo. Kaari alicheka, na kicheko kikageuka katikati, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa katika nyumba ile nikamwona akilia.

Tulikula pale pale. Nilitandaza leso karibu na maua, tukagawana mayai. Mzee alikula kwa mkono mmoja. Nyaga alipojaribu kumpokea mtoto ili anywe chai, alikataa, akasema chai haina haraka. Mtoto alimuuliza ndovu wako wapi, kwa nini kidole chake ni kifupi, na kama huyo mtu aliye chini ya mawe hasikii baridi. Mzee alijibu yote. Mimi nilikuwa nikimsikiliza mwanangu anavyopumua. Sitaficha kwamba siku nne zilizofuata nilikuwa nikiamka usiku kumgusa paji la uso, na siku ya tano nilichinja kuku nikapeleka nusu yake kwa majirani bila kuwaambia sababu.

Kaari alisema mifupa isiguswe. Nyaga alikuwa amewaza kuileta Kibugu, lakini mama yake alisema mtu huyu amekwisha kupata shamba na mpaka wake, na ana jirani anayemjali. Alizungumza na mawe yale peke yake kidogo, tukasogea mbali tumpe nafasi. Aliporudi alikuwa ameng'oa kitunguu kimoja cha lile ua, na mzee Bundi ndiye aliyemruhusu. Ninaamini wao wawili tu ndio waliokuwa na haki hiyo.

Tuliporudi kwenye pikapu mzee alituomba tumsindikize nyumbani. Hakusema sababu, wala hatukuuliza. Njia nzima alikaa na mtoto magotini, wima, bila kuegemea, na kila gari liliporuka shimo alimkumbatia kwa nguvu kupita kiasi, mpaka mtoto akalalamika.

Nyumba yake ni ya mbao alizozipasua mwenyewe, na ya Karwirwa iko nyuma yake, ndogo, yenye dirisha moja. Moshi ulikuwa ukitoka. Tulibaki uani, na nilitaka kumchukua mwanangu ili mzee aende peke yake, lakini alimkaza. Nikaelewa kwamba alikuwa akiogopa, na kwamba mtoto ndiye aliyempa nguvu. Akaenda naye hadi mlangoni.

"Hodi, Karwirwa," akasema. "Ni mimi babu yako."

Ndani mtoto mchanga alikohoa kidogo, kama paka.

"Unataka nini?" sauti ya msichana ikauliza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia siku zilizopita na sasa amechoka.

"Nimekuja kumbeba Bundi."

Tulisubiri. Nyaga alivua kofia yake bila sababu, akaivaa tena. Mzee alisimama kama alivyokuwa, uso karibu na mbao, na nikaona mgongo wake unaanza kuinama, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Nina makosa, mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini hayakuwa juu yako, wala juu yake. Nitakueleza yote. Nilikuwa naogopa mikono yangu."

Kisha Njoka, aliyekuwa amechoka kusubiri, akaugonga mlango kwa kiganja.

"Fungua," akasema. "Guka anajua kubeba. Mimi nimemfundisha."

Tukasikia nyayo, zikasimama, zikaja tena. Komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.